Homa ya Ini: Je, Karatasi ya Maabara Husema Kweli?

Nabuyonga si mto mkubwa. Hushuka kutoka magenge ya Wanale, ubavuni mwa Mlima Elgon, ukaupasua mji wa Mbale katikati, na siku za kiangazi mtoto wa shule huuvuka bila kulowesha magoti. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mto huo, pamoja na mwenzake Namatala, ulifurika ghafla. Watu zaidi ya ishirini walipoteza maisha yao, nyumba zikazolewa, na mabomba ya maji safi yakaharibika. Katika misiba ya namna hiyo askari ndiye hutangulizwa: huingia katika tope kutafuta maiti, hubeba majeruhi, hunywa maji yanayopatikana. Na majuma kadhaa baadaye, endapo askari huyo ataamka na macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, wenzake watasema mara moja kuwa ameshikwa na homa ya ini.

Huenda wakawa wamesema kweli. Lakini homa ya ini ipi? Hapo ndipo maabara huitwa kutoa ushahidi, na ushahidi wa maabara, kama ushahidi mwingine wowote, wapaswa kuchunguzwa kabla ya hukumu. Polisi hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Ajabu ni kwamba mtu yule yule ambaye hawezi kumfunga mshukiwa kwa shahidi mmoja huipokea karatasi ya maabara yenye neno moja, "chanya", akajihukumu mwenyewe papo hapo.

Tuanze na majina, kwa kuwa majina yenyewe yamewapoteza wengi. Homa ya manjano ni ugonjwa uletwao na mbu, na chanjo yake huandikwa katika kile kitabu cha manjano ambacho askari hukibeba anapopelekwa kulinda amani nchi za nje. Homa ya ini ni jambo lingine kabisa, ingawa yote mawili huweza kuyageuza macho rangi. Tumewasikia askari wakisema kuwa wao hawaogopi homa ya ini kwa sababu walichomwa sindano kabla ya kusafiri. Sindano ile haikuwa ya ini.

Virusi vya homa ya ini vinavyojulikana zaidi ni vitano, navyo vimepewa herufi A, B, C, D na E. A na E hupitia kinywani, katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Nchini Uganda twaikumbuka sana E, ambayo ilizuka wilayani Kitgum mwaka 1, 2, kisha 3, mfululizo kuanzia 2007 hadi 2009, katika kambi za watu waliokimbia vita: wagonjwa walizidi 10,000, na waliokufa walikuwa 160, wajawazito wakiumizwa kuliko wengine. B, C na D hupitia katika damu, na B hupitia pia katika kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. D haiwezi kuishi peke yake, bali humpanda yule aliyekwisha kupatwa na B. Hizo za damu, hasa B na C, ndizo hukaa mwilini miaka na miaka kimya kimya, mpaka ini likakauka au likaota saratani.

Sasa, maabara hutafuta nini katika damu? Mara nyingi haitafuti kirusi chenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili waliotengenezwa mahsusi kupambana na adui fulani. Adui akisha kuondoka, askari hao aghalabu hubaki katika damu kwa miaka mingi, na kwao twajua kwamba vita vilipiganwa. Lakini nyayo za mwizi katika shamba si mwizi mwenyewe. Zaweza kuwa za jana, zaweza kuwa za mwaka juzi.

Hakuna mfano ulio bora wa jambo hilo kuliko ule wa jeshi la Marekani. Mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, askari wa nchi hiyo walichanjwa homa ya manjano kwa dawa iliyochanganywa na majimaji ya damu ya binadamu ili isiharibike. Muda si muda wakaanza kugeuka manjano kwa maelfu, si kwa mbu, bali kwa ugonjwa wa ini. Kiasi cha askari 50,000 walilazwa hospitalini. Wakati huo hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kusema ni kirusi gani, kwa kuwa hakikuwa kimegunduliwa. Zaidi ya miaka arobaini ilipita. Ndipo watafiti walipowatafuta wazee wale na kuwatoa damu, na matokeo yakatangazwa mwaka 1987: katika wale waliochanjwa kwa dawa hiyo na kuugua, asilimia 97 walikuwa na kingamwili za homa ya ini B, katika waliochanjwa wasiugue, asilimia 76, na katika wale waliopata dawa mpya isiyo na damu ya mtu, asilimia 13 tu. Kesi ilifungwa. Watafiti walikisia kuwa watu wapatao 330,000 waliambukizwa. Hata hivyo, karibu wote walikuwa wamekwisha kupona zamani, na kirusi kilikuwa kimetoka mwilini. Kingamwili zilishuhudia historia, hazikushuhudia ugonjwa.

Katika homa ya ini B, kwa hiyo, msomaji lazima aulize karatasi yake inazungumza habari ya kitu gani. Kuna kipande cha ganda la kirusi kiitwacho antijeni ya juu. Ndicho kile alichokikuta Baruch Blumberg katika miaka ya 1960 katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, kikaitwa kwa muda mrefu antijeni ya Australia, na kikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kikionekana katika damu, kirusi kimo. Kikiendelea kuonekana zaidi ya miezi sita, ugonjwa umekuwa sugu, na mtu huyo anahitaji daktari wa kumpima ini na kuamua kama apewe vidonge.

Kisha kuna kingamwili dhidi ya ganda hilo. Hii, ndugu zetu, ni habari njema tupu. Maana yake ni kwamba mtu amechanjwa, au aliugua akapona, na sasa ana ngao. Neno "chanya" likiandikwa mbele ya kingamwili hii halipaswi kumtia mtu hofu. Linapaswa kumfurahisha. Ya tatu ni kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi. Chanjo haiwezi kuileta, kwa kuwa ndani ya chanjo hamna kiini. Aliye nayo amekutana na kirusi chenyewe, na aina yake changa huonyesha kwamba mkutano huo ni wa karibuni. Tena kuna majuma machache, wakati mtu anapopona, ambapo antijeni imekwisha kutoweka na ngao haijaonekana. Hapo kingamwili ya kiini ndiyo shahidi wa pekee. Maabara isiyoipima itasema mtu huyo ni safi, na damu yake ikitolewa wakati huo yaweza kumdhuru mwingine.

Basi yale tuliyoyaeleza juu ya B ni mepesi ukiyalinganisha na C. Kirusi cha C kilitambuliwa mwaka 1989, na waliohusika na ugunduzi huo na uthibitisho wake, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Vipimo vya kingamwili zake vikaenea duniani upesi. Katika homa hii kingamwili si ngao. Mwenye nazo aweza kuwa mgonjwa, aweza kuwa amepona, na, hili ndilo la kuangaliwa sana kwetu, aweza kuwa hakupata kuugua kabisa.

Madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walilichunguza jambo hilo na kutangaza matokeo mwaka 2010. Walichukua damu ya wagonjwa 380 waliolazwa, wakaipima kwa njia mbili: kipimo cha haraka cha kijiti, na kipimo kikubwa cha maabara kiitwacho Elaiza. Kisha wakatafuta kirusi chenyewe, yaani chembe zake za urithi, ambacho ndicho kipimo cha mwisho kisichobishaniwa. Wagonjwa 30 walikuwa chanya kwa kimojawapo cha vipimo vile viwili. Waliokutwa na kirusi walikuwa 5 tu. Na jambo baya zaidi ni hili: katika hao watano, kijiti kiliwakosa watatu, na Elaiza ikawakosa wawili. Yaani vipimo viliwashika wengi wasiokuwa na kitu, na papo hapo vikawaachia baadhi ya wenyewe.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2013, utafiti mwingine ulitangazwa kutoka Rakai, kusini mwa nchi. Watu 1,000 walipimwa kwa Elaiza ya aina ya tatu, iliyosifiwa sana. Chanya walikuwa 76. Damu yao ilipotafutwa kirusi, hakuonekana hata mmoja aliyekuwa nacho.

Kwa nini? Si kwa sababu mafundi wetu wa maabara ni wavivu, wala si kwa sababu viwanda vilituletea bidhaa mbovu. Elaiza ni sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Katika kila kishimo hubandikwa vipande vya kirusi vilivyotengenezwa kiwandani. Majimaji ya damu hutiwa humo. Kingamwili zikiwapo hunasa. Kisha vishimo huoshwa, hutiwa dawa, na rangi ikitokea kupita kiasi kilichowekwa, jibu ni chanya. Sasa mtu wa nchi za baridi ana kingamwili za maradhi machache. Mtu wetu, aliyeumwa malaria tangu utotoni, aliyeoga ziwani pale Jinja akapata kichocho, aliyekula minyoo ya kila namna, damu yake imejaa kingamwili za kila kabila. Wataalamu wanashuku kwamba baadhi yake hunata katika vishimo bila kuhusika na C hata kidogo. Damu iliyowekwa vibaya, ikagandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara, nayo huzidisha matata. Utafiti wa Mulago na Rakai haukufanyika Mbale, lakini mbu wa Mbale si mbu wa Ulaya, na hatuoni sababu ya kudhani kwamba damu ya bonde la Nabuyonga itavitendea vipimo hivi kwa upole zaidi.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya hesabu tupu, na askari wa kizuizi cha barabara ataielewa upesi kuliko watu wengi waliosoma. Tuseme una mbwa wa kunusa bangi pale mpakani Malaba. Mbwa huyu hamkosi mwenye bangi hata mmoja. Ila ana kasoro ndogo: katika kila wasafiri 100 wasio na kitu, huwabwekea watano. Wakipita watu 1,000, na kati yao wenye bangi ni 10, mbwa atawabwekea hao 10, na pia kama 50 wasio na hatia. Waliobwekewa ni 60. Katika kila sita, watano wamesingiziwa. Mpeleke mbwa huyo huyo mahali ambapo katika watu 1,000 wenye bangi ni 300. Atawabwekea 300 kwa haki na 35 kwa makosa. Hapo ataonekana mbwa hodari sana. Mbwa hakubadilika, kilichobadilika ni wingi wa wahalifu.

Ndivyo ilivyo kwa homa ya ini C. Nchini Misri, ambako ugonjwa huo ulisambazwa na sindano za kichocho zilizochomwa kwa umma kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980 bila kuchemshwa ipasavyo, wagonjwa walikuwa wengi mno, na serikali ilipowapima watu karibu milioni 50 katika miaka ya 2018 na 2019, kipimo cha kingamwili kilifanya kazi nzuri, kikifuatiwa na kipimo cha kirusi. Kwetu Uganda wenye C ni wachache. Kipimo kile kile, chenye cheti kile kile, huwa shahidi wa kuaminika kule na shahidi wa kutiliwa shaka huku.

Ndiyo maana kipimo hakipaswi kununuliwa kwa kusoma tangazo lililo juu ya boksi. Hujaribiwa. Namna ya kukijaribu haina uchawi: hukusanywa sampuli za damu ya watu wa nchi hii hii, ambazo hali yake imekwisha kujulikana kwa kipimo cha kirusi, zikafichwa majina, wasomaji wawili wakasoma majibu bila kuambiana, kisha makosa yakahesabiwa kwa mafungu mawili, wagonjwa walioachiwa na wazima walioshikwa. Wasomaji wawili ni muhimu hasa kwa kijiti, maana ule mstari hafifu wa pili, unaoonekana ukiinamisha kijiti dirishani na kutoweka ukikisimamisha, umewagombanisha mafundi wengi. Kijiti husomwa kwa dakika zilizoandikwa, si baada ya fundi kurudi kutoka kwenye chakula cha mchana. Na boksi lililokaa nyuma ya lori chini ya jua la Tororo siku nzima si boksi tena, hata kama tarehe yake haijapita.

Yapo maswali mawili hapa ambayo watu huyachanganya. Moja ni la mfuko wa damu, la pili ni la mtu.

Mbale ina benki ya damu ya kanda, tawi la Huduma ya Taifa ya Damu ambayo makao yake ni Nakasero. Kila mfuko unaotolewa hupimwa Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Uhitaji wa damu upande huu ni mkubwa sana, kwa sababu ya watoto wanaoishiwa damu kwa malaria. Hospitali ya Mbale ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti mkubwa wa kuwaongezea watoto damu, uliowahusu watoto zaidi ya 3,000 wa Uganda na Malawi na kutangazwa mwaka 2019. Wachangiaji wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa mifuko hupungua. Hapo askari huitwa, na mara nyingi huitika. Katika sherehe za Tarehe Sita wanajeshi wamekuwa wakijitolea damu. Mfuko ukitiliwa shaka, hutupwa. Twaliunga mkono jambo hilo bila kusita, hata tukijua kwamba baadhi ya mifuko inayotupwa haina kosa, maana mtoto akitiwa damu mbaya hakuna wa kuirudisha. Ni hasara, na ndiyo sababu kipimo kizuri zaidi huokoa damu pia.

Lakini mtu si mfuko. Mfuko ukitupwa kwa kushukiwa hakuna aliyedhulumiwa. Koplo akiambiwa kuwa ana homa ya ini C kwa sababu ya kijiti kimoja, akakosa safari ya kulinda amani, mkewe akahama chumba, akauza ng'ombe wawili kununua dawa za mitishamba, huyo amedhulumiwa. Utaratibu unaotakiwa, na ambao Shirika la Afya Duniani limeuandika wazi mwaka 2017, ni kwamba kingamwili za C zikionekana, damu ipelekwe kutafutwa kirusi chenyewe kabla ya kumwita mtu mgonjwa. Kirusi kikikosekana, hana ugonjwa. Kikipatikana, siku hizi vipo vidonge vinavyomezwa kwa majuma 8 au 12 na kuponya zaidi ya watu 95 katika 100. Kwa vyovyote vile, kipimo cha pili kina faida.

Kambini hupita pia maneno mengi yasiyo na msingi. Twaulizwa kila mara kuhusu malwa, pombe ile inywewayo na wengi kwa mirija mirefu katika chungu kimoja, desturi ya Mbale na ya Teso. B haiambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kunywa pamoja. Malwa ina hatari nyingine kwa ini, lakini hiyo si ya virusi. Kinachostahili kuogopwa ni wembe wa kuazimana, sindano za vichochoroni, mchoro wa ngozi unaochanjwa bwenini, na kisu. Wamasaba wanafahamu tunachosema. Katika mwaka wa imbalu, ambao ni kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wengi hupitia mikononi mwa ngariba, na kirusi cha B huweza kuishi katika damu iliyokauka siku saba au zaidi. Kila kijana kisu chake: agizo hilo lilipoanza kusisitizwa kwa ajili ya Ukimwi liliwalinda na homa ya ini kwa gharama ile ile.

Askari atakayepimwa, basi, asiondoke dirishani na neno "chanya" peke yake mfukoni. Aulize: chanya ya antijeni, au ya kingamwili? Ya B, au ya C? Kwa kijiti, au kwa mashine? Kitapimwa tena kwa njia gani, na wapi? Fundi mwema hataudhika. Mganga wa kambi naye, anapojaza fomu, aandike jina kamili la kipimo, kwa kuwa tumeona karatasi zilizoandikwa "Hepatitisi: chanya" na kugongwa muhuri, na karatasi ya namna hiyo haimwambii daktari chochote.

Asiyekuwa na B wala ngao yake achanjwe sindano tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Wengi hupata ya kwanza na ya pili, kisha uhamisho ukawapeleka Karamoja au Somalia na ya tatu ikasahauliwa. Kadi ibebwe, na ya tatu ichomwe popote atakapokuwa, wala hana haja ya kuanza upya. Mwezi mmoja au miwili baada ya hiyo ya tatu, ngao yaweza kupimwa, na ikifika kipimo cha 10 au zaidi inatosha. Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga homa ya ini B mwaka 2002. Watoto hao ndio makuruta wa leo, na wengi wao watakuja na kingamwili ya ganda katika damu tangu siku ya kwanza ya usaili. Anayewapima na aisome ilivyo: ni chanjo ya mama zao, walioibeba mgongoni hadi kliniki.